Kanuni Ikinyamaza, Dhamiri Iseme Nini?



Mwezi huu neno moja limezunguka sana katika masomo yetu: chini ya miembe, ku bomba ya maji, hata katika mstari wa kungojea chakula. Neno lenyewe ni dhamiri. Mmoja anasema: "Mimi nilifanya vile dhamiri yangu iliniambia." Mwenzake anamjibu: "Dhamiri yako iko wapi katika kanuni za masomo? Nionyeshe numero yake!" Wanacheka wote wawili, lakini kila mmoja anaenda na hasira yake. Juu ya hiyo tumeona inafaa kueleza jambo hili polepole: dhamiri ni kitu gani, inafanya kazi gani wakati sheria haiko wazi, na namna gani tunaweza kuitenga na tamaa zetu.

Tunasema mbele: hatuandiki ili kumhukumu mtu. Baraza la nidhamu litakaa na litasema neno lake. Tunaandika ili sisi wote tujue tunabishana juu ya nini.

I. DHAMIRI NI KITU GANI?

Wazee wetu katika mji hawakutumia sana neno dhamiri (wengine huku kwetu wanaandika zamiri). Walisema tu: "Roho inanichoma", ao "Moyo unanihukumu." Ukikula kuku wa jirani usiku, hakuna mtu aliyekuona. Lakini asubuhi jirani akipita kukusalimia, macho yako yanatafuta chini. Hapo hakuna polisi, hakuna tribinali, hakuna kapita. Ni roho yako tu inayokuchoma.

Katika Kifaransa tunasema conscience, na neno hili limetoka katika Kilatini. Maana yake ya kwanza ni kujua pamoja. Ni kama ndani ya mtu mmoja kuna wawili: mmoja anafanya, mwingine anamwangalia, na wote wawili wanajua kilichofanyika. Yule wa pili ni shahidi. Huwezi kumtuma sokoni ili ubaki peke yako.

Lakini tuangalie vizuri, kwani vitu vingine vitatu vinapenda kuvaa nguo ya dhamiri.

Cha kwanza ni tamaa. Tamaa inasema "ninataka", kisha inatafuta sababu nzuri ya kujifunika. Cha pili ni woga. Mtu anayeacha kuiba juu anaogopa kupigwa, huyo hajasikia dhamiri bado, amesikia fimbo. Cha tatu ni mazoea. Kama watu wote wa klasi wanakopia wakati wa mtihani, yule anayekopia hasikii tena kitu. Mkono wa mtu wa jembe unaota sugu na hausikii tena mwiba. Roho pia inaweza kuota sugu.

Tena dhamiri yenyewe inaweza kukosa. Tukisoma Matendo ya Mitume tunamwona Saulo akiwafunga Wakristo, na alifikiri anamtumikia Mungu vizuri kabisa. Roho yake haikumchoma hata kidogo. Dhamiri ni kama saa ya mkono: inaweza kutembea vizuri, tik tak tik tak, na huku imepita nusu saa. Ndiyo sababu watu wanapatanisha saa yao na radio. Sisi tunapatanisha dhamiri na Neno la Mungu, na mashauri ya wakubwa, na ukweli wa mambo kama yalivyo. Mtu anayesema "dhamiri yangu inatosha, siulizi mtu", huyo anatembea na saa ambayo hajaipatanisha tangu mwaka jana.

II. JUU YA NINI KANUNI HAZISEMI YOTE?

Wengine wanafikiri kwamba kama kanuni haiko wazi, ni kosa la walioiandika. Hapana. Kila sheria iliandikwa jana na watu waliofikiri juu ya mambo waliyoyaona. Kesho inaleta jambo ambalo hakuna aliyeliona. Hata wenye akili nyingi hawawezi kuandika karatasi inayojibu kila usiku na kila mchana.

Tunaona namna tatu za kanuni isiyokuwa wazi.

Namna ya kwanza: kanuni inanyamaza. Jambo limefika, tunatafuta kwenye karatasi, hakuna kitu.

Namna ya pili: kanuni mbili zinavutana. Moja inasema usitoke mahali pako, nyingine inasema msaidie mwenzako. Ukishika moja, unaacha nyingine.

Namna ya tatu: neno la kanuni lina maana mbili. Tuchukue mfano tunaoujua wote. Tangazo linasema: "Mwanafunzi ambaye hajalipa minervali asiingie katika klasi." Je, yule aliyelipa nusu, na baba yake ameandika barua kwamba ataleta nusu nyingine akishauza maharagi, huyo amelipa ao hajalipa? Mwenye orodha mkononi anaweza kusoma neno "hajalipa" kwa ugumu, anaweza kulisoma kwa huruma, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba amevunja tangazo. Kwa hiyo inafaa ajiulize mwenyewe, ao aende kuuliza katika biro.

Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii. Katika Warumi sura ya 14 tunaona Wakristo wakigombana juu ya chakula: hawa wanakula vyote, wale wanakula majani tu, hawa wanaheshimu siku fulani, wale hapana. Paulo hakuwaletea orodha ya vyakula. Aliwaambia kila mtu awe na hakika katika akili yake mwenyewe, na anayefanya jambo huku roho yake inasitasita amekwisha kujihukumu. Halafu akaongeza jambo ambalo wengi wetu tunalisahau: uhuru wako usimwangushe ndugu yako. Paulo anashika pande mbili pamoja, dhamiri yangu na ndugu yangu. Anayeshika upande mmoja na kuacha wa pili hajamsoma mpaka mwisho.

Sasa huku kwetu Kongo tuko na jibu lingine, na kila mtoto analijua: Artikle 15. Maana yake: jitafutie, ujipange mwenyewe. Mshahara haukufika? Artikle 15. Njia imeharibika? Artikle 15. Tunacheka nayo, na kweli imeokoa jamaa nyingi zisilale njaa. Lakini tusiichanganye na dhamiri. Artikle 15 inauliza: "Nitapita wapi?" Dhamiri inauliza: "Nani ataumia nikipita hapa?" Tena mtu wa Artikle 15 anapenda giza, afadhali mambo yake yasijulikane. Kwa dhamiri ni kinyume, kama tutakavyoona.

Na neno moja la kushangaza: ukifungua Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, utakuta kipengele cha 15 cha kweli. Hakisemi "jitafutie" hata kidogo. Kinasema wenye mamlaka waangalie ili ubakaji na jeuri ya namna hiyo viondolewe. Ni kusema, kipengele cha kweli kinamlinda mnyonge, na kile cha mzaha kinamwacha ajitetee peke yake.

III. MFANO WA KASAI: WILLIAM SHEPPARD

Ili tusibaki katika maneno matupu, tuchukue mfano mmoja wa historia ya Kanisa la Kiprotestanti katika inchi yetu.

William Henry Sheppard alikuwa Mwamerika mweusi. Alizaliwa katika Virginia mwaka wa 1865, mwaka ule vita iliyomaliza utumwa huko iliisha. Kanisa la Presbiteri lilimtuma Kongo pamoja na mwenzake mzungu, Samuel Lapsley. Walifika mwaka wa 1890, na mwaka wa 1891 wakaanza misioni ya Luebo katika Kasai. Lapsley alikufa mwaka wa 1892. Sheppard alibaki, akajifunza luga ya Wakuba, na mwaka ule ule wa 1892 akafika Mushenge, mji wa mfalme wao.

Wakati ule inchi haikuwa koloni ya Ubelgiji bado. Tangu 1885 mpaka 1908 ilikuwa mikononi mwa mfalme Léopold II peke yake, na watu waliiita serikali yake Bula Matari. Sasa, sheria za Bula Matari zilikuwa namna gani? Kwenye karatasi zilikuwa nzuri. Katika mkutano wa Berlin, kipengele cha 6 cha Akti ya 1885, mataifa waliahidi kwamba watawalinda wenyeji na kuangalia maisha yao yawe mema, na uhuru wa dhamiri uliandikwa pale kwa jina lake. Lakini serikali ile ile ilidai kodi ya mpira wa msituni. Kwa miaka mingi kipimo cha kodi kilibaki mikononi mwa wakubwa wa poste. Ni mwaka wa 1903 tu dekreti ilisema: kazi ya saa 40 kwa mwezi. Na huko msituni nani aliyehesabu saa? Walihesabu vikapu vya mpira.

Na wamisionere je? Walikuwa wageni. Shamba la misioni na ruhusa ya kujenga poste mpya, yote yalitoka kwa serikali. Wengine katika misioni walifikiri kazi yao ni kuhubiri na kufundisha, mambo ya kodi hayawahusu. Na walikuwa na Warumi 13 ya kuonyesha, inayosema kutii wenye mamlaka. Wengine walikuwa na Matendo 5, ambapo mitume waliona kumtii Mungu mbele ya wanadamu. Hapo tunaona wazi kanuni mbili zikivutana, na zote mbili ziko katika Biblia moja.

Mwaka wa 1899 habari zilifika Luebo kwamba kundi la watu wenye bunduki walioitwa Zappo Zap, waliokusanya kodi kwa ajili ya serikali, wanachoma miji na kuua watu. Mwenzake Sheppard, pasta William Morrison, alimtuma aende kuangalia. Sheppard hakupenda kwenda, aliogopa, na nani asingeogopa? Lakini alikwenda. Alifika mpaka katika kambi yao. Kiongozi wao alimjua, akamwonyesha mambo bila kuficha. Juu ya moto kulikuwa na mikono ya watu inakaushwa. Kiongozi alieleza kwamba mikono ile ni ya kuonyesha serikali hesabu ya waliouawa.

Sheppard alifanya nini? Alihesabu. Mikono ya kuume 81. Hakuandika "mingi", hakuandika "mamia". Aliandika 81, kwani aliona 81. Habari ile ilifika Ulaya na Marekani, na kwa sababu ya hesabu ile ilikuwa vigumu kwa watu kusema ni hadisi tu.

Miaka ilipita. Mpira wa Kasai ukawa chini ya kompani moja, Compagnie du Kasai. Mwezi wa kwanza wa 1908 Sheppard aliandika makala katika gazeti ndogo ya misioni, Kasai Herald. Wandugu, ilikuwa karatasi ndogo ya misioni, karibu kama hii yetu! Alieleza kwa utulivu namna Wakuba walivyoishi zamani, mashamba yao, nyumba zao, biashara yao, na namna walivyo sasa: wanasukumwa msituni kutafuta mpira, malipo ni kidogo, nyumba zinaanguka bila mtu wa kuzitengeneza. Jina la kompani hakuliandika.

Kompani ilikasirika, ikataka maneno yale yakanwe. Sheppard alikataa. Morrison, aliyesimamia gazeti, alikataa pia. Wakashitakiwa. Mashitaka ya Morrison yaliondolewa, akabaki Sheppard peke yake mbele ya hakimu. Kesi ilikuwa Léopoldville (leo Kinshasa), mwezi wa 9 wa mwaka 1909, na wakati ule Kongo ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa Ubelgiji. Aliyemtetea ni Emile Vandervelde, kiongozi wa chama cha wasosialisti wa Ubelgiji, mtu asiyekuwa na dini, ambaye hakuomba malipo ya kazi yake. Mwezi wa 10 hakimu alimwachilia Sheppard, juu makala haikutaja kompani kwa jina.

Tusitie chumvi. Hukumu ile haikurudisha mkono hata mmoja. Lakini tuangalie kazi ya dhamiri ilivyokuwa, kwani ndani yake tunapata mafundisho manne:

Moja, alikwenda kuona kwa macho yake mbele ya kusema.
Mbili, hakuongeza juu ya alichokiona.
Tatu, hakupata faida yake mwenyewe, alipata kesi.
Nne, alisimama mchana, akakubali kujibu mbele ya tribinali. Hakukimbia, wala hakusema "hakimu hana haki ya kuniuliza".

Hili la nne tunaomba mlishike sana. Mtu wa dhamiri haruki sheria kama mwizi anavyoruka lupango. Anasema: "Ndiyo, ni mimi. Nilifanya hivi, na sababu ni hii. Sasa niulizeni."

IV. SHERIA ZA INCHI ZINASEMA NINI?

Wengine wanasema dhamiri ni jambo la dini tu. Si hivyo. Katiba ya 2006, kipengele cha 22, inampa kila mtu haki ya uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Na kipengele cha 28 kinakwenda mbali zaidi: hakuna mtu anayelazimishwa kutimiza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria. Askari ao mtumishi wa Leta akipewa amri inayoharibu haki za watu waziwazi, amefunguliwa kifungo cha kutii.

Lakini soma mpaka mwisho wa kipengele kile. Kinasema kwamba yule anayekataa amri ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba amri ilikuwa mbaya. Unaona? Sheria inakufungulia mlango, kisha inakungojea upande wa pili na kukuuliza: "Onyesha." Ndivyo ilivyokuwa kwa Sheppard na hesabu yake ya 81.

V. NA KATIKA INTERNA YETU?

Sasa tufike nyumbani. Wote tunajua lililotokea, lakini limekwisha kusimuliwa kwa namna kumi, basi tuliweke sawa.

Karatasi iliyobandikwa ku mlango wa interna inasema: baada ya kengele ya saa tatu ya usiku, hakuna anayetoka bila ruhusa ya mwangalizi. Usiku ule mwangalizi alikuwa kwa kilio cha jamaa yake, na ruhusa alikuwa amepewa. Hakuna kosa kwake. Saa tano, mdogo wetu mmoja wa klasi ya kwanza alianza kutetemeka kwa homa, kisha akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Wakubwa wawili walikwenda kubisha kwa mwalimu aliye jirani. Mlango ulikuwa na kufuli. Wakambeba mtoto mgongoni, kwa zamu, na tochi moja, mpaka kituo cha afya. Munganga alikuta malaria imepanda kichwani, akamwekea serumu ya kinini. Saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya kengele ya kwanza, wale wawili walikuwa wamesimama ku mlango wa prefe kujitaja wenyewe.

Wiki moja kisha, wengine watatu walitoka usiku kwenda mjini kuangalia mpira ku televisheni. Walipokamatwa wakirudi, walisema: "Na sisi dhamiri ilitutuma. Kwani wale wawili waliadibiwa?"

Hapo ndipo masomo yaligawanyika. Kundi la kwanza linasema kanuni ni kanuni, wote watano wapate azabu moja. Kundi la pili linasema wale wawili ni mashujaa, wasiulizwe hata neno. Kundi la tatu linasema: "Basi, kila mtu na dhamiri yake!"

Sisi makapita tuliandika majina yote matano katika kaye, kwani kazi yetu ni kuandika. Mbele ya majina mawili tuliandika: "walimpeleka mgonjwa". Mbele ya majina matatu tuliandika: "walikwenda kuangalia mpira". Hatukuongeza, hatukupunguza.

Kwa mawazo yetu, kundi la kwanza limesahau kuuliza kanuni iliwekwa juu ya nini. Kengele ya saa tatu iliwekwa ili watoto wa watu walale salama. Mtoto akifia kitandani kwa kuiheshimu kengele, tumeishika kengele na tumeua kazi yake. Kundi la pili nalo limekosa. Wale wawili wanapaswa kusimama mbele ya baraza na kueleza, na wao wenyewe hawakukataa. Walijitaja kabla ya kuitwa. Kuwaondolea maswali ni kuwaondolea heshima yao. Na kundi la tatu ndilo linalotutia woga zaidi, kwani likishinda, kesho hakuna kanuni wala dhamiri, kutakuwa na Artikle 15 tu, na wadogo ndio watakaolipa.

VI. MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Mtu akifika mahali ambapo kanuni inanyamaza, asikimbie kusema "dhamiri yangu". Ajiulize kwanza:

1. Kanuni hii iliwekwa ili kulinda nani, ao nini? Nikifanya hivi, ninalinda kitu kile kile, ao ninakiharibu?

2. Faida ni ya nani? Kama faida ni yangu mimi, nijitilie shaka mara mbili. Wale wawili walipoteza usingizi wao. Wale watatu waliona goli mbili.

3. Nimeona, ao nimesikia? Redio ya midomo ina mabawa, haina macho. Aliyehesabu ana nguvu kuliko aliyeambiwa.

4. Kuna mtu wa kuuliza? Kama yuko, nimuulize. Kama hayuko, nimtafute kwanza. Hata Martin Luther, alipoulizwa mbele ya mfalme mkuu kule Worms mwezi wa 4 wa 1521 kama anakana vitabu vyake, hakujibu siku ile ile. Aliomba nafasi ya kufikiri, akajibu kesho yake. Mambo mengi yanaweza kungojea mpaka asubuhi. Homa ya mtoto haingoji. Mchezo wa mpira unangoja vizuri kabisa.

5. Ninaweza kulisema mchana mbele ya watu wote? Kama ninapanga tayari uongo wa kesho, basi sauti ninayoisikia si ya dhamiri.

Anayejibu maswali haya matano kwa ukweli anaweza bado kukosa, kwani sisi ni watu. Lakini atakuwa amekosa kama mtu mwenye akili, na watu watajua namna ya kumrudisha.

VII. TUNAOMBA NINI?

Baraza litakaa siku ya posho. Kwa heshima yote kwa prefe wetu na waalimu, sisi kwa jina la komite ya wanafunzi tunaomba mambo mawili.

La kwanza, kesi mbili zisikilizwe mbalimbali, kila moja na sababu yake. Tukiziweka katika kikapu kimoja, tutawafundisha wadogo kwamba kumbeba mgonjwa na kuangalia mpira ni jambo moja. Mwaka kesho mtoto mwingine akitetemeka usiku, wakubwa watajifunika blanketi mpaka kichwani, na kila mmoja atasema: "Mimi niliheshimu kanuni."

La pili, karatasi ya ku mlango iongezwe mstari mmoja: mwangalizi akiwa hayuko, nani anatoa ruhusa, na funguo ya geti inabaki kwa nani. Dhamiri ilifanya kazi usiku ule juu kanuni ilinyamaza. Ni vizuri sasa kanuni ijifunze kwa dhamiri, ili siku nyingine mtoto asingojee bahati ya kukuta wakubwa wenye moyo.

Mdogo wetu amerudi katika klasi tangu siku ya nne, anakula vizuri, na ameanza tena kusumbua wenzake kwa maswali ya hesabu. Tumshukuru Mungu.

Mungu atupe kanuni zilizo wazi, na mahali zisipokuwa wazi, atupe roho zinazochoma bado.

Kapita mkuu, kwa jina la komite ya wanafunzi